Barua ya Pili Itangulie

Kebo ilikatika saa saba kasoro usiku:
nanga ya meli ya samaki, walisema baadaye,
ikiburuzwa chini ya bahari kama jembe la mlevi.
Tvøroyri hatukusikia kitu.
Taa ziliwaka, kondoo walilala mlimani;
ila chumbani mwangu, nyuma ya duka la nyavu,
seva ilianza kuita.
Tórshavn. Kimya. Tórshavn. Kimya.
Kila dakika tano, kwa adabu ileile,
kama mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani
asijue jirani amehama.

Nikafungua faili la mipangilio.
Juu kabisa, Bárður aliyenitangulia kazini,
ambaye sasa analima viazi na kusikia anachotaka,
aliacha mstari mmoja ambao mashine huuruka:
"Ukisoma hapa, kebo imekufa. Chemsha kahawa kwanza."
Nikachemsha.

Halafu nikaandika, polepole, maana vidole hudanganya usiku:
njia ya kwanza, namba kumi, ni bahari. Bahari haipo.
Njia ya pili, namba ishirini, ni dishi juu ya paa,
nyembamba kama tundu la sindano, ghali kama dawa.
Barua usiitupe. Usiirudishe kwa mwenyewe.
Ishike siku tano, jaribu, jaribu tena.
Za zahanati zitangulie. Za walinzi wa pwani zifuate.
Yenye video ya mjukuu akipuliza mishumaa, isubiri.
Nikahifadhi. Nilisahau nukta moja. Nikahifadhi tena.

Kufikia saa kumi foleni ilikuwa na barua mia nne na kumi na mbili.
Mimi sizisomi. Naona anwani, uzito, saa ya kutumwa,
kama mtu wa posta anayeujua mji kwa migongo ya bahasha.

Alfajiri akagonga Hjalgrím, fundi wa injini,
mvua ikimchuruzika ndevuni.
"Rannvá, saa nane usiku nilimwandikia Sunnuva, kule Aalborg.
Imefika?"
Haijafika. Ipo hapa, ya mia mbili na sita,
imebeba kiambatisho kizito.
"Ifute."

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema waliosema,
lakini hawakuwahi kuyaona maji yamesimama hewani,
kati ya ndoo na udongo,
na mwanamke mwenye kitufe cha kufuta.

Nilikitazama kile kitufe.
Nikifuta ya Hjalgrím leo, kesho nitafuta ya nani?
Meya ana barua humu. Mchungaji ana barua humu.
Mama yangu ana barua humu, kwa dada yangu,
na ninajua inamhusu nani.
"Sifuti," nikasema. "Mimi ni njia tu."
Akaketi juu ya sanduku la nyaya,
magoti yakamfika kidevuni.

Ndipo nikamwonyesha namba.
Yako ya kwanza ni nzito, itangoja mafundi wa kebo, hadi Alhamisi.
Andika nyingine. Fupi. Bila picha,
bila ile saini ndefu ya kampuni.
Nyepesi hupita dishini.

Akaandika kwa vidole viwili, akafuta, akaandika.
Kahawa ikapoa. Nilitazama ukuta.
Niliona uzito wake tu: kilobaiti mbili.
Lakini mlangoni, kofia mkononi, alisema mwenyewe:
"Nimemwambia kuna barua yangu nyuma ya hii.
Ni ya zamani kuliko hii. Asiifungue."

Alhamisi bahari ilirudi.
Foleni ikafumuka kama sweta lililovutwa uzi;
mishumaa ya mjukuu ikaondoka,
ya mia mbili na sita ikaondoka,
na kama ilifunguliwa au haikufunguliwa
hilo halimo kwenye kumbukumbu za seva.

Nikaongeza neno chini ya mstari wa Bárður,
pale mashine zisiposoma:
"Kahawa ya watu wawili."